Gari linanuka uvundo: uanze na soda, siki, mkaa, dawa ya AC au ozoni?

Tundika manukato ya waridi kwenye gari linalonuka uvundo, na kesho yake utakuwa na gari linalonuka uvundo na waridi. Kila mwenye gari analijua hilo, na bado kitu cha kwanza tunachokimbilia kununua ni manukato, kwa sababu yako karibu na mkono na kwa dakika kumi za mwanzo yanafanya kazi vizuri ajabu. Sitayarudia tena humu. Hayaondoi kitu.

Njia zilizobaki kila moja ina mtetezi wake. Huyu atakuapia kwamba bekingi soda ilimaliza harufu yote usiku mmoja. Yule atakuambia soda ni kujipaka unga, dawa ni ozoni. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli, ila magari yao hayakuwa na tatizo moja. Ndiyo maana nitaanza na kujua harufu inatoka wapi, maana hapo ndipo uchaguzi wote unapoamuliwa.

Pua inakuambia nini

Uvundo ni gesi zinazotolewa na kuvu na bakteria wakijilisha kwenye vumbi, jasho, nywele na makombo yaliyolowa. Chakula hicho hakikosekani ndani ya gari hata ulisafishe namna gani, na joto lipo. Unachoweza kuwanyima ni maji tu. Kitambaa au sponji iliyolowa isipokauka ndani ya saa 24 hadi 48, kuvu huanza kuota. Na pua yetu ni kali mno kwa harufu hizi: jeosmini, mojawapo ya kemikali zenye harufu ya udongo uliolowa, watu wengi huitambua kwenye maji ikiwa nanogramu 10 tu kwa lita. Ukipunguza uvundo kwa nusu, basi, huenda usisikie tofauti yoyote. Dawa inayofanya kazi nusunusu itaonekana haikufanya kazi kabisa.

Fanya jaribio hili kabla ya kutoa hata senti. Funga gari vioo vyote, liache juani saa kadhaa, kisha fungua mlango na uvute pumzi kabla hujawasha chochote. Harufu ikikupokea mlangoni, tatizo liko kwenye kapeti, viti au buti. Ikiwa hewa ni ya kawaida lakini ukiwasha AC unapata harufu ya soksi chafu kwa dakika moja mbili halafu inapotea, tatizo liko ndani ya AC. Zikitokea zote mbili, una matatizo mawili, na hilo si jambo la ajabu. Harufu tamutamu inayoambatana na ukungu wa mafuta kwenye kioo cha mbele ni jambo jingine: hiyo ni kulanti, yaani maji ya kupoza injini, inayovuja kwenye rejeta ndogo ya hita, na hakuna dawa ya harufu itakayoiziba. Mpelekee fundi.

Mwombe mtu asiyepanda gari lako anuse pia. Pua ya dereva imeshazoea, na haiaminiki tena kama shahidi.

Ikiwa ni AC: filta, povu, au kopo la kufukiza

Ndani ya dashibodi kuna evaporeta, kile kirejeta kidogo kinachopoza hewa. Hewa yenye unyevu ikigusa mapezi yake ya baridi, vile vibati vyembamba vilivyopangwa karibu karibu, huacha maji, na maji hayo huteremka kwenye kibomba cha mpira na kudondoka chini ya gari. Ndiyo yale matone unayoyaona gari likisimama huku AC inafanya kazi. Ukizima injini, mapezi yanabaki yamelowa, gizani, yamefunikwa vumbi. Kuvu haihitaji mwaliko mwingine.

Wengi huanza kwa kubadilisha filta ya AC, na ni mwanzo mzuri kwa sababu ni rahisi: kwenye magari mengi iko nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria, unaibana droo pande mbili inashuka, unavuta kifuniko cha plastiki, filta inatoka bila spana. Watengenezaji wengi wanataka ibadilishwe kati ya kila kilomita 15,000 na 30,000, au mara moja kwa mwaka. Ikitoka imeshika majani na weusi, utakuwa umepata sehemu ya jibu. Usiioshe uirudishe; filta ya karatasi ikilowa inakuwa chanzo kipya cha harufu ileile.

Sasa, dukani watakuuliza: ya kawaida au yenye mkaa? Yenye mkaa ni ghali zaidi, na inafaa ukiwa unaendesha kwenye foleni za malori yenye moshi. Lakini angalia njia ya hewa. Kwenye magari mengi filta inakaa kabla ya evaporeta, yaani hewa inachujwa kwanza ndipo inapita kwenye mapezi yenye kuvu na kuja usoni kwako. Mkaa ulioko nyuma hauwezi kunasa harufu inayozaliwa mbele yake. Ukiuziwa filta ya mkaa kama tiba ya harufu ya soksi, umeuziwa kitu kizuri kwa sababu isiyo sahihi.

Tiba ya evaporeta ni kuifikia yenyewe. Kuna makopo ya aina mbili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kopo la kufukiza: unatoa filta, unawasha AC kwenye mzunguko wa hewa ya ndani, unaweka kopo sakafuni chini ya tundu linalovuta hewa, unabonyeza kitufe na kutoka nje, milango imefungwa. Ukungu wa dawa unazunguka kwa dakika kama kumi hivi. Ni kazi ya mtu yeyote. Kasoro yake ni kwamba dawa inafika kwenye mapezi ikiwa nyembamba, na uchafu ulioganda hauondoki. Unapulizwa dawa palepale ulipo.

La pili ni povu lenye mrija mrefu mwembamba. Mrija unaingizwa kupitia kibomba cha kutolea maji kutoka chini ya gari, au kupitia tundu la filta, kutegemea gari lilivyoundwa. Povu linavimba, linajaza nafasi kati ya mapezi, linakaa robo saa au zaidi kulingana na maelezo ya kopo, kisha linageuka maji na kutoka kwa kibomba kilekile. Ukitazama yale maji yanavyotoka, mara ya kwanza huwa ya kijivu, wakati mwingine meusi, na hapo utaelewa ulikuwa unavuta nini. Hii ndiyo ninayoichagua kwa harufu ambayo imeshakomaa. Kopo la kufukiza naliona ni la matunzo, la kutumia mara moja moja baada ya povu kumaliza kazi nzito.

Povu lina masharti mawili. Hakikisha kibomba hakijaziba, la sivyo litakurudia kwenye kapeti ya abiria na utakuwa umeongeza tatizo. Na ukipitisha mrija kwenye tundu la filta, uelekeze kwenye mapezi, mbali na mota ya feni na waya zake. Kushusha dashibodi na kutoa evaporeta ili ioshwe ni kazi ya siku nzima au zaidi, gesi ya AC lazima itolewe kwa mashine, na sioni sababu ya kufika huko kwa ajili ya harufu peke yake. Kama evaporeta inavuja na inabadilishwa hata hivyo, hapo sawa.

Na kuna njia isiyogharimu kitu ambayo wauzaji wa makopo hawaitaji sana. Dakika chache kabla ya kufika, zima kitufe cha AC lakini uache feni ikipuliza. Hewa ya kawaida inakausha mapezi kabla hujaegesha. Ukiwa na mazoea hayo, povu moja litakaa muda mrefu.

Ikiwa ni kapeti: hapa ndipo kazi ilipo

Kapeti ya gari ina tabaka mbili. Ya juu ni nywele nyembamba unazoziona. Chini yake kuna sponji au pamba nzito ya kuzuia kelele, mara nyingi unene wa sentimita mbili tatu, na hiyo inaweza kushika lita kadhaa za maji huku ya juu ikiwa kavu unapoipapasa. Watu wengi wanapuliza dawa kwenye tabaka kavu na kushangaa harufu inarudi.

Kujua ukweli, chukua karatasi nyeupe ya chooni, ikunje mara kadhaa, iweke kwenye kapeti chini ya miguu ya abiria wa mbele na uikanyage kwa kisigino uzito wako wote kwa nusu dakika. Rudia nyuma ya kila kiti, na kwenye shimo la tairi la spea ndani ya buti. Ikitoka na doa la maji, usinunue dawa yoyote leo. Ikitoka kavu na bado una wasiwasi, ile plastiki ya kizingiti cha mlango imeshikwa kwa vibanio. Ivute juu taratibu, inyanyue kapeti pembeni, upenyeze vidole hadi kwenye sponji. Ukiibana na ikachuruzika, huna haja ya jaribio jingine.

Kabla ya kukausha, tafuta maji yanakotoka. Maji safi upande wa abiria hata siku zisizo na mvua ni ya AC, kibomba kimeziba. Maji yanayokuja baada ya mvua au kuosha gari yanaingia kupitia raba za milango, kioo cha mbele, majani yaliyoziba njia ya maji chini ya waipa, vibomba vya dirisha la paa, ile nailoni iliyo ndani ya paneli ya mlango, au raba za taa za nyuma. Jaribu na mtu wa pili: mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji kwa mpira, akianzia chini na kupanda juu polepole. Ukianzia juu, maji yanashuka kila mahali na hutajua tundu ni lipi.

Njia za kukausha nazo si sawa. Jua ni la bure, lakini gari lililofungwa juani halikauki. Maji yanatoka kwenye kapeti, yanabaki hewani, na jioni kukipoa yanarudi kwenye vioo, dari na viti. Jua linafaa milango ikiwa wazi na mati zimetolewa. Kwa unyevu mdogo wa juujuu, linatosha.

Mashine ya kufyonza maji ni hatua inayofuata, na kwa kapeti iliyomwagikiwa maji jana ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu inatoa maji yakiwa maji, kabla hayajawa mvuke. Pitisha polepole, tena na tena, hadi tangi lisipokee kitu. Wanaosafisha magari kwa shampuu wanayo, ila kuwa macho: shampuu bila kufyonza vizuri ni kulowesha gari upya na kulipia. Muulize anayekusafishia atairudisha kapeti ikiwa na unyevu kiasi gani. Akikuambia "litakaukia njiani", tafuta mwingine.

Sponji ya chini ikiwa imejaa, mashine haitaimaliza. Hapo kapeti inanyanyuliwa. Viti vya mbele kwa kawaida vimefungwa kwa nati nne kila kimoja, na chini yake kuna nyaya za mifuko ya hewa na mikanda, mara nyingi zenye plagi za njano. Ondoa waya wa betri, subiri dakika kadhaa kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, ndipo uguse plagi hizo. Kama hilo linakutisha, na lina haki ya kukutisha, acha viti mahali pake. Nyanyua ukingo wa kapeti, weka kipande cha mbao chini yake, elekeza feni ya nyumbani kwenye uwazi huo siku moja au mbili mfululizo. Mimi naipendelea feni kuliko hita, kwa sababu hita bila upepo inapika unyevu na kuulisha kuvu. Usiku au siku za mvua, washa injini sehemu yenye hewa ya wazi, AC pamoja na joto, ukiwa umekaa humo au karibu: AC inatoa maji hewani, joto linavuta mengine kutoka kwenye kitambaa. Usifanye hivyo ndani ya gereji iliyofungwa, moshi wa injini unaua.

Ukiona vijisanduku vya umeme au soketi zenye kutu ya kijani chini ya kapeti, mwite fundi umeme kabla ya kurudisha kitu.

Soda au mkaa

Hapa ndipo ubishi mwingi ulipo. Bekingi soda ni chumvi yenye ubesi hafifu (besi ni kinyume cha asidi), na nguvu yake ni kwa harufu zenye asidi: maziwa yaliyoganda, jasho, matapishi. Inakutana na asidi, inaigeuza chumvi isiyonuka. Lakini kemikali nyingi zinazotupa harufu ya uvundo, jeosmini ikiwemo, ni za jamii ya alkoholi na ketoni. Soda haina la kuzifanyia. Kwa hiyo yule aliyemwaga maziwa na yule aliyenyeshewa na mvua wakitumia pakiti moja ya soda, watapata majibu tofauti, na kila mmoja atamwona mwenzake mwongo.

Ukiitumia, kapeti iwe kavu. Nyunyiza, sugua kidogo kwa brashi, iache usiku kucha, kisha fyonza kwa nguvu. Kwenye kapeti yenye unyevu inaganda na kuacha alama nyeupe ambazo zitakusumbua kuliko harufu.

Mkaa amilifu unafanya kazi kwa njia nyingine. Una vitundu vingi mno, hivi kwamba gramu moja ina uso wa ndani unaozidi mita za mraba 500, na aina nzuri hupita 1,000. Molekuli za harufu zinanasa humo, zikiwemo zile za uvundo ambazo soda inaziacha. Kwa kazi hii mkaa unaishinda soda waziwazi. Udhaifu wake ni mwendo, kwani unasubiri harufu ije kwake, na kwenye unyevu mwingi vitundu vinakaliwa na maji. Kifuko kidogo cha gramu 50 kilichotundikwa kwenye kioo ni pambo. Weka vifuko vizito, jumla ya nusu kilo au zaidi, chini ya viti na ndani ya buti, baada ya gari kukauka. Ukianika juani vinatoa unyevu na sehemu ya harufu, lakini si yote, na baada ya muda vinachoka.

Mkaa wa kupikia je? Una vitundu pia, ila vichache sana ukilinganisha, na vumbi lake likiingia kwenye viti utalifahamu kwa miezi. Nisingeuweka.

Siki, spiriti, enzaimu, na chupa usiyotakiwa kuileta

Siki ina asidi ya asetiki, kwa kawaida kama asilimia 5. Inaua baadhi ya kuvu, si zote, na inatuliza harufu zenye ubesi kama mkojo na samaki. Kwa kufuta plastiki, vizingiti na raba za milango zenye vidoadoa vyeusi inafaa, nusu siki nusu maji. Harufu yake kali inaisha gari likikaa wazi. Watu wanapenda kuichanganya na soda kwa sababu inatoa povu la kupendeza, na povu hilo ndilo zoezi zima: asidi na besi zimemalizana, umebakiwa na maji yenye chumvi.

Spiriti ya asilimia 70 inaua vizuri kuliko siki na inakauka haraka, jambo ambalo ni faida kubwa kwenye gari lenye tatizo la unyevu. Ya asilimia 70 ni bora kuliko ya 99, kwa kuwa maji yaliyomo yanaichelewesha kuruka na kuisaidia kupenya. Kwa usukani, mikono ya milango na chuma cha viti ndiyo chaguo langu. Iweke mbali na ngozi ya rangi, skrini na plastiki angavu ya saa za dashibodi, ambazo zinaweza kupauka au kupasuka, na jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Inashika moto, kwa hiyo milango iwe wazi na pasiwe na sigara.

Dawa za enzaimu, zile zinazomeng'enya uchafu, ni nzuri sana kwa maziwa, mkojo na matapishi, pengine nzuri kuliko vyote hapo juu. Kwa uvundo wa unyevu sizitaki, kwa sababu ili zifanye kazi lazima kitambaa kibaki kimelowa kwa saa nyingi.

Chupa ya klorini iache nyumbani. Inapausha kitambaa, inadhoofisha nyuzi za mikanda ya usalama, na ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini, ndani ya chumba kidogo chenye vioo vilivyofungwa. Mikanda yenye harufu inaoshwa kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, inavutwa hadi mwisho, inabanwa kwa kibanio isirudi, inakauka hapohapo. Ni sehemu inayosahaulika sana, nayo inashika jasho la miaka. Dari ya gari pia ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Ukiiloweka, gundi inaachia na dari inakuangukia kichwani.

Jambo moja kuhusu dawa zote hizi: kuvu iliyokufa bado ipo. Ukishapuliza, futa, fyonza, tupa kitambaa ulichotumia. Wenye pumu wasiifanye kazi hii, au wavae barakoa nzuri.

Ozoni

Hii ndiyo inayouzwa kwa sauti kubwa zaidi. Mashine inageuza oksijeni ya hewani kuwa ozoni, yenye atomi tatu badala ya mbili, ambayo inaunguza kemikali za harufu inapokutana nazo. Inafika penye nyufa ambako kitambaa cha kufutia hakifiki, dari, ndani ya mifereji ya AC, mishono ya viti. Kwa moshi wa sigara sijui njia inayoizidi, na kwa mabaki ya uvundo kwenye gari lililokwisha kukauka na kusafishwa inatoa matokeo mazuri.

Lakini haikaushi, na haipenyi sponji iliyojaa maji. Ozoni kwenye gari bichi inakupa siku tatu nne za furaha, kisha kuvu iliyo chini inaendelea na maisha yake. Wengi wanaosema "nilipiga ozoni haikusaidia" walianzia mwisho.

Na ina madhara ya kweli. Kwa wafanyakazi nchini Marekani kikomo cha kisheria ni sehemu 0.1 kwa milioni hewani kwa saa nane, na kiasi kinachoua harufu kinapita hapo mbali sana. Inachoma mapafu na koo. Asibaki ndani mtu, mnyama wala mmea. Washa feni kwenye mzunguko wa ndani, endesha mashine kwa muda mfupi, nusu saa hivi kwa mashine ya kawaida, kisha fungua milango yote kwa saa nzima au zaidi kabla ya kuingia. Usiirudie kila mwezi. Ozoni inapasua raba, nazo ndizo zinazozuia mvua kuingia, na utajikuta unaharibu kizuizi cha tatizo ulilokuja kulitibu.

Vile vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara ni hadithi mbaya kuliko zote. Vikiwa havitoi ozoni ya kutosha, haviondoi uvundo. Vikiitoa, unaivuta ukiwa unaendesha.

Vifuko vya kunyonya unyevu

Silika jeli hushika hadi takriban asilimia 40 ya uzito wake kukiwa na unyevu mwingi, maana yake kifuko cha nusu kilo kinachukua mililita 200, tena kwa bahati nzuri. Sponji yako ina lita. Fanya hesabu mwenyewe. Kama matunzo ya gari kavu linalokaa limeegeshwa wiki nyingi, silika inafaa na inaweza kukaushwa na kutumika tena. Kloridi ya kalsiamu inavuta maji mengi zaidi, ila inayeyuka na kuwa maji ya chumvi, na chombo kikipinduka kwenye kona umelowesha kapeti kwa kitu kinachoendelea kuvuta unyevu na kula chuma. Gari linalotembea lisibebe hiyo.

Kwa hiyo uchague nini

Harufu ya AC peke yake: filta mpya ya kawaida na povu, siku hiyohiyo, ukizingatia ile desturi ya kuacha feni. Karatasi ikitoka na doa la maji: pesa yote iende kwenye kuziba tundu na kukausha, na ukimaliza utakuta mara nyingi harufu imeondoka bila dawa. Ikibaki kidogo, mkaa amilifu kwa wiki mbili. Ikigoma, ozoni mara moja. Maziwa yakimwagika leo, fyonza, weka enzaimu, kausha, na soda baada ya hapo ukipenda. Gari likihitajika kesho kwa safari na huna muda, futa plastiki kwa spiriti, toa mati, endesha vioo wazi na AC imezimwa. Haitakuwa tiba ila wenzako watasafiri salama.

Ukiwa unanunua gari lililotumika na linanuka uvundo, usikubali kuambiwa "ni la kupiga shampuu tu". Vuta mkanda wa kila kiti hadi mwisho wake na utazame ule mwisho usiotoka siku za kawaida. Tope au mstari wa maji hapo, kutu kwenye nati za viti, mchanga ndani ya shimo la spea, ukungu ndani ya taa: gari hilo lilizama. Kama lilizama kwenye maji ya chumvi, soketi zake zitaendelea kuoza hata baada ya kapeti kukauka, na kwa gari hilo hakuna njia hata moja kati ya hizi ninayoweza kukupendekezea zaidi ya kumrudishia mwenyewe ufunguo.